Hamu, Sanaa na Mwanzo Mpya katika Riwaya ya Kihistoria: Mfano wa Aniceti Kitereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi hamu, sanaa na mwanzo mpya vinavyoshirikiana kuijenga riwaya ya kihistoria ya Kiswahili. Mfano wetu mkuu ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, riwaya ya Aniceti Kitereza iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Tunadai kwamba hamu ndiyo inayoigeuza kumbukumbu ya mila kuwa sanaa, na kwamba mwanzo mpya unaosawiriwa katika riwaya hii haufuti yaliyopita bali unayabeba.

1. Utangulizi

Riwaya ya Kitereza ni miongoni mwa vitabu vinavyotajwa sana na kusomwa kidogo katika vyuo vyetu. Mwanafunzi hukutana na jina lake katika mihadhara ya historia ya riwaya ya Kiswahili, akaambiwa kwamba ni kitabu kirefu kilichojaa mila za Wakerewe, kisha mhadhara ukaendelea hadi kwa Shaaban Robert au Kezilahabi. Kauli hiyo fupi ina madhara. Kitabu kikishaitwa hazina ya mila, huonekana kuwa mali ya mwanaanthropolojia, na mhakiki wa fasihi hujiona ameruhusiwa kukipita. Makala haya yananuia kuipinga kauli hiyo kwa kuonyesha kwamba mila katika riwaya hii haziwezi kutenganishwa na hisia inayoisukuma hadithi.

Hisia hiyo ni hamu. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu, na yafaa tuyatofautishe tangu mwanzo. Tamaa huelekea kwenye kile ambacho mtu angependa kukimiliki, na mara nyingi hubeba lawama. Uchu ni wa mwili, kama uchu wa nyama. Shauku ni mvuto wenye bidii, nayo huweza kumwelekea mtu au jambo ambalo halijawahi kuonekana. Hamu, kwa upande wake, hukiri kutokuwepo kwa kitu. Mswahili akisema ana hamu na mtu, anasema kwamba mtu huyo hayupo na kwamba pengo lake linaonekana. Hiyo ndiyo maana tutakayoitumia: hamu ni ufahamu wa pengo.

2. Riwaya ya kihistoria na swali la mwanzo mpya

Mjadala wa riwaya ya kihistoria hauwezi kumkwepa Georg Lukács, mhakiki wa Kihangaria aliyeandika juu ya utanzu huu mwaka 1937. Akianzia kwa Walter Scott, ambaye riwaya yake Waverley ilitoka mwaka 1814, Lukács alishikilia kwamba kazi ya riwaya ya kihistoria si kuyarudia matukio makubwa ambayo mwanahistoria ameshayaandika. Kazi yake ni kutufanya tuwahisi watu waliokuwamo katika wakati ule, na kutuonyesha kilichowafanya wafikiri na kutenda kama walivyofanya. Kwa sababu hiyo mhusika mkuu wa riwaya ya namna hii mara nyingi si mfalme wala jemadari. Ni mtu wa kawaida ambaye mikondo ya jamii yake inapita ndani ya maisha yake.

Tukitazama riwaya ya Kiswahili kwa jicho hilo, tunakutana na aina mbili maarufu za mwanzo mpya. Ya kwanza ni mwanzo wa kuokolewa. Katika Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934, watu waliotekwa utumwani wanafunguliwa na kupewa makao Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875. Mwanzo mpya unaletwa na mtu wa nje, na hadithi inaelekea kumshukuru. Aina ya pili ni mwanzo wa mapinduzi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, ulimwengu wa bwana shamba unabomolewa na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wanyonge wanaanza maisha mengine juu ya magofu yake.

Kitereza anatupa aina ya tatu, ambayo haijajadiliwa vya kutosha: mwanzo wa suluhu. Hakuna meli inayokuja kuokoa wala umma unaoinuka. Yupo mume aliyenyang'anywa mke, ambaye inambidi atafute njia ya kumrudisha kwa kutumia taratibu za jamii ileile iliyomwumiza.

3. Mwandishi na ulimwengu asioufikia

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, kusini mashariki mwa Ziwa Viktoria, katika ukoo wa watawala. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, Wajerumani walikuwa wamemwondoa madarakani Omukama Lukonge, mtawala aliyempokea msafiri Henry Morton Stanley mwaka 1875. Yafaa tuzitazame tarehe hizi kwa makini. Ukerewe wenye mamlaka yake ulikoma mwaka 1895, na mtu aliyekuja kuuandika alizaliwa mwaka 1896. Aliukosa kwa mwaka mmoja tu.

Alilelewa katika mazingira ya misheni na kusoma katika seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa. Alikuwa msomi wa lugha kadhaa. Aliporejea kisiwani alijishughulisha na kukusanya masimulizi ya wazee juu ya maisha ya kale, na nia yake ilikuwa wazi: vizazi vijavyo vijue jinsi mababu walivyoishi na jinsi walivyosema. Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, alimtia moyo katika kazi hiyo.

Kuna pengo la pili katika maisha yake. Yeye na mkewe Anna hawakubahatika kuwa na watoto walioishi. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini upo pia uchungu wa mwana asiyekuwapo. Hatutaki kuisoma riwaya kana kwamba ni tawasifu, kwa maana Myombekere si Kitereza. Hata hivyo, ni vigumu kulipuuza jambo hili: mtu aliyetaka kuwaandikia wajukuu wa Ukerewe habari za mababu alichagua kuanza na mume na mke wasio na mtoto. Hamu ya ulimwengu uliopita na hamu ya mtoto ambaye hajaja zimeunganishwa katika msuko mmoja. Ya kwanza inatazama nyuma, ya pili inatazama mbele. Jamii isiyo na mtoto wa kumsimulia haina wa kumwachia kumbukumbu zake.

4. Hamu kama msukumo wa msuko

Kiini cha hadithi chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini ndoa yao haina mtoto. Jamaa za mume wanatoa maneno ya matusi juu ya hali hiyo. Wazazi wa Bugonoka, wakiona binti yao anadhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani kwao. Myombekere anabaki peke yake. Anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaitimiza, na mkewe anarudi. Kisha wanatafuta tiba, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Kitabu cha pili kinawafuata watoto hao hadi utu uzima.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba hamu ya Myombekere ina pande mbili ambazo jamii yake ingependa kuzitenganisha. Kwa mantiki ya jamaa zake, kinachokosekana ni mtoto, na mke asiyezaa anaweza kubadilishwa. Kwa Myombekere, pengo linaloumiza kwanza ni la mke. Bugonoka anapoondoka, tunaonyeshwa nyumba isiyo na mwenyewe: kazi zinazolala, moto, chakula, mazungumzo ya jioni. Katika hali hiyo mume angeweza kuoa mwingine na hakuna ambaye angemshangaa. Anachagua safari ya ukweni. Uchaguzi huo ndio unaoifanya riwaya hii kuwa hadithi ya mapenzi kabla ya kuwa hadithi ya uzazi.

Hapa ndipo hoja ya Lukács inapopata nguvu. Hatuambiwi kwa ufafanuzi wa jumla kwamba jamii ya Wakerewe iliuthamini uzazi na kuuheshimu ukwe. Tunaziona thamani hizo mbili zikigongana ndani ya maisha ya mtu mmoja, naye analazimika kutembea katikati yake.

5. Sanaa ya undani: faini ya pombe

Lawama kubwa dhidi ya Kitereza ni urefu wa maelezo. Watu wanaposalimiana, tunasikia maamkizi yote. Mgeni anapofika, tunaona anakaribishwaje, anakaa wapi na anapewa nini. Pombe inapotengenezwa, hatuachiwi hatua hata moja. Kwa msomaji aliyezoea riwaya inayokimbia, mambo haya huonekana kuwa mzigo.

Hebu tuutazame mfano wa pombe. Kutengeneza pombe ya ndizi katika nchi za maziwa ni kazi ya siku kadhaa. Ndizi huvundikwa hadi ziive, humenywa, hukamuliwa kwa msaada wa majani, na maji yake huchanganywa na mtama kisha huachwa yachachuke. Ndizi zikikosa kuiva sawasawa, pombe huharibika. Haiwezekani kuiharakisha. Katika kitabu cha mila, maelezo haya yangekuwa na kichwa chake na yangeishia hapo. Ndani ya riwaya, kila hatua ni siku moja zaidi bila Bugonoka. Msomaji hafuatilii tu namna pombe inavyotengenezwa. Anafuatilia ndoa inayosubiri kuchachuka kwa pombe hiyo. Anataka ndizi ziive. Anaogopa zisiharibike.

Hii ndiyo maana ya dai letu kwamba hamu huigeuza kumbukumbu kuwa sanaa. Undani wa maelezo unalingana na muda wa kungoja. Kama msimulizi angesema kwa sentensi moja kwamba Myombekere alipeleka pombe na kumchukua mkewe, tungejua kilichotokea lakini tusingeujua uzito wake. Zaidi ya hayo, faini yenyewe ina hekima ya kijamii ambayo haielezwi kwa mahubiri. Pombe nyingi haitengenezwi na mtu mmoja asiyehitaji mtu, bali huhitaji shamba, vyombo na mikono ya majirani. Ikishafika ukweni haihifadhiwi kama fedha, bali hunywewa na watu waliokaa pamoja. Kosa lilitendwa kwa maneno mbele ya watu, na malipo yake yanawakutanisha watu tena ili maneno mengine yasemwe. Mwanzo mpya wa ndoa hii una jasho, una mashahidi na una karamu.

Tunapendekeza basi kwamba maelezo marefu ya Kitereza yahakikiwe kwa swali moja jepesi: katika ukurasa huu, ni nani anayengoja, na anangoja nini? Pale swali linapopata jibu, maelezo ni sehemu ya msuko. Pale lisipopata jibu, tunaweza kukubali kwamba mkusanyaji wa mila amemshinda msanii. Kurasa za aina hiyo zipo, hasa hadithi inapofika kwa watoto na pengo la mwanzo likawa limezibwa. Kipimo hiki ni cha haki zaidi kuliko kuilaumu riwaya nzima kwa urefu wake.

6. Majina yanayobeba msiba

Mwanzo mpya mkubwa zaidi katika riwaya ni kuzaliwa kwa watoto. Tungetarajia majina ya shangwe. Majina tunayopewa ni Ntulanalwo na Bulihwali. La kwanza, kwa tafsiri ya karibu, lina maana ya kukaa nacho daima, na kinachorejelewa ni kifo. La pili ni swali: huzuni itakwisha lini? Mwanafunzi wa isimu ataona kwamba Kikerewe kinaficha mengi ndani ya viambishi. Kifo hakitajwi katika Ntulanalwo, bali kinadokezwa tu na kirejeshi cha ngeli yake mwishoni mwa neno. Anayeijua lugha anaelewa; asiyeijua anasikia jina tu.

Desturi ya kumpa mtoto jina la taabu si ngeni kwetu. Wazungumzaji wa Kiswahili wanawajua akina Tabu, Mashaka na Shida. Jina la namna hii huhifadhi kumbukumbu ya hali ambayo mtoto alizaliwa ndani yake, na wengine huamini kwamba humkinga mtoto kwa kutomsifu mbele ya mauti. Kisanaa, Kitereza anafanya jambo zito zaidi. Kwa kuyaweka majina hayo katika anwani ya kitabu, anamkumbusha msomaji kila anapokishika kwamba furaha ya wazazi hawa imejengwa karibu na kaburi. Hata jina la Myombekere, lenye asili ya kitenzi cha kujenga, linasomeka vingine likiwekwa kando ya majina ya watoto wake. Mjenzi anajenga, na anajua anajenga mahali gani.

Kwa hiyo mwanzo mpya wa Kitereza unatofautiana na ule wa Mbotela na wa Shafi. Katika kuokolewa na katika mapinduzi, yaliyopita ni giza la kuachwa nyuma. Katika suluhu, yaliyopita hayaachwi: matusi yalisemwa, misiba ilitokea, na jina la mtoto linaitwa kila asubuhi.

7. Mswada na mwanzo wake wa pili

Historia ya kitabu chenyewe inafanana na hadithi iliyomo. Mswada wa Kikerewe ulikamilika mwaka 1945, lakini lugha yenye wasomaji wachache haikuwa na mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe na kushirikiana na mzee huyo. Kitereza akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha kwa vitabu viwili mwaka 1980. Mwandishi aliaga dunia mwaka 1981 bila kuishika nakala ya kitabu alichokingoja kwa miaka thelathini na mitano. Katika miaka ya 1990 kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 mwandishi Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka Kikerewe.

Tafsiri ya Kiswahili yastahili kutazamwa kama mwanzo mpya, kwa maana ileile tuliyoijenga hapo juu. Kiswahili hakikukiokoa kitabu kutoka kwenye lugha duni. Mwandishi alikipeleka kitabu chake kwa wasomaji wengi zaidi akiwa amebeba Kikerewe ndani yake, katika majina, katika maamkizi, katika mwendo wa sentensi. Mhakiki anayekisoma Kiswahili cha Kitereza kwa kukilinganisha na sanifu ya vitabu vya sarufi ataona kasoro. Anayekisoma akijua kilikotoka atasikia lugha mbili zinazosalimiana.

8. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba hamu ya zamani hupamba. Gerald Hartwig, katika utafiti wake wa kihistoria juu ya Wakerewe kati ya 1800 na 1895, ameonyesha kwamba kisiwa hicho kiliingia katika biashara ya masafa marefu, pamoja na mabadiliko na misukosuko iliyoambatana nayo. Riwaya inayojifungia ndani ya boma la familia inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba wakati ule ulikuwa umetulia. Pingamizi hili lina ukweli, na mwalimu anayefundisha riwaya hii atafanya vyema kuisomesha sambamba na historia. Lakini Kitereza hakupamba kila kitu. Msiba wa kwanza katika hadithi yake unasababishwa na ndimi za jamaa, si na wageni. Mtu anayetaka kuitukuza jamii yake hangeanza na ukatili wake.

Pingamizi la pili linamhusu Bugonoka. Anachukuliwa na wazazi, anakombolewa kwa pombe, na heshima yake inatimia anapozaa. Je, mwanzo mpya ni wake au wa mumewe? Hatuoni kwamba swali hili linaweza kujibiwa kwa kumtetea mwandishi. Lililo wazi ni kwamba anwani ya riwaya inamtaja Bugonoka kwa heshima ya Bibi kando ya Bwana, na kwamba mapenzi ya wawili hawa yalikuwapo kabla ya mtoto. Riwaya inaipa thamani ndoa isiyo na mtoto, kisha inaizawadia mtoto, na hivyo inarudi kwenye imani ileile iliyowaumiza wahusika wake. Mgongano huo haukutatuliwa, nao unafaa kuwa kiini cha mjadala wa darasani.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika riwaya ya Kitereza, hamu inazipa mila sababu ya kusimuliwa, sanaa ya undani inamfanya msomaji angoje pamoja na wahusika, na mwanzo mpya unapatikana kwa suluhu inayoyakumbuka yaliyopita. Ikiwa hoja hii inakubalika, basi kitabu hiki kina nafasi katika kozi ya riwaya ya kihistoria, si katika mhadhara wa utangulizi peke yake.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wanafunzi. Wengi wetu tumetoka katika lugha zenye wazee wanaosimulia na daftari zilizofungiwa masandukuni. Tasnifu moja ya uzamili inaweza kuwa toleo la mswada wa namna hiyo pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ambayo idara zetu zinaweza kuisimamia bila gharama kubwa. Kitereza alimaliza mwaka 1945 na kusubiri hadi mwaka 1980. Asubiriye leo, pengine katika kijiji kilicho karibu na chuo chetu, asilazimike kungoja kiasi hicho.